Tulipima Maji, Hatukupima Moto

Kwa Mama,
Mahemani, kando ya njia ya Garsen.

Mama, shikamoo. Na yeyote aliyekaa hapo mkekani kusikiliza, asalaam aleikum. Nataka kujua habari za goti kwanza. Bado linakuambia mvua kabla ya redio, au nalo limechoka kutabiri? Na kifua je? Na yule mbuzi mweusi aliyeponea mafurikoni juu ya paa la choo cha shule, ameacha majivuno? Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki yamo humu ndani, kwa hiyo mwambie Hawa aongeze maji ya chai.

Kaka Buya, shikamoo nawe, maana najua ndiye unayesoma. Tangu Baba alipokuwa akitafuta kazi Mombasa, barua za nyumba hii unazisoma wewe, kwa sauti, mbele ya Mama, na msomaji hana ruhusa ya kuinuka mpaka afike jina la mwisho. Ndiyo sababu nimeandika. Simu umenikatia. Ujumbe wangu wa sauti, nasikia, unausikiliza vizuri mpaka pale ninapotaja gesi, halafu mtandao wako unaharibika. Karatasi haina mtandao. Na Mama anakujua: ukiruka mstari unakohoa. Ulikuwa ukikohoa hivyo hivyo kila Baba alipoandika kwamba haji.

Barua hii ameibeba mwenzangu wa Malindi aliyemaliza mkataba. Ameniapia kwamba ataikabidhi basi la Garsen, na utingo ataileta mpaka hapo mahemani. Kuipeleka kwa simu siwezi. Tangu ajali, simu zetu zinakaguliwa. Ndiyo, Mama, palikuwa na ajali. Kwenye simu nilikuambia ni hitilafu ndogo. Haikuwa ndogo.

Mnajua kazi yangu huku Ghuba: mlinzi wa geti kwenye kituo cha kuhifadhi gesi. Namwuliza mtu jina ambalo limeandikwa kifuani pake, analisema, namruhusu. Kati ya mtu na mtu nasoma mabango ya ukutani, kwa sababu geti halina kitabu kingine. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi, na mabango yakiisha naanza tena.

Sasa kuna mtu hamkumjua. Aliitwa Sajid, mpishi wa kambi yetu, kwao Pakistan, mtu wa mto kama sisi. Mto wao nao humfuata mtu mpaka nyumbani. Lugha moja hatukuwa nayo. Tulikuwa na Kiarabu cha jikoni, maneno yanayohusu chumvi, moto na haraka, na kwa maneno hayo hayo tulizungumza habari za wake, watoto na Mungu. Kila nilipotoka zamu nilikuta amenifichia chapati moja chini ya sufuria. Wenzangu aliwaambia imeungua, wasiitake.

Kambi yenyewe ilikuwa mteremkoni, chini ya matangi. Nilipofika niliambiwa ni kambi ya muda tu. Sajid akanionyesha mkunazi alioupanda wiki ile alipofika yeye. Tulikuwa tukianika nguo chini yake. Huo muda ulikuwa umeshazaa kunazi.

Alfajiri moja hapakuwa na upepo hata wa kutikisa bendera. Nikiwa getini, ambako ni juu kidogo, niliona ukungu mweupe umelala mchangani upande wa matangi. Mwembamba, mzuri, kama ule wa mtoni kwetu miezi ya baridi. Haukupanda. Ulishuka polepole, ukaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua, ukaufuata mtaro kama mtu anayejua anakokwenda. Mwenzangu wa zamu akasema, "Leo kumependeza." Nami nikatazama, nikaona kweli kumependeza. Mtaro ule unapita nyuma ya jiko. King'ora kililia, lakini wakati huo Sajid alikuwa na unga mikononi, na chapati za watu wa zamu ya asubuhi hazingoji king'ora. Aliwasha jiko.

Sauti ya mlipuko sitaieleza, Mama. Moto ulipanda ukiufuata mtaro ule ule, kurudi ulikotoka gesi. Palikuwa na ukuta wenye picha ya mtu wa kofia ya chuma anacheka, pameandikwa Usalama Kwanza. Ukuta huo ndio ulioanguka kwanza.

Sajid hakufa siku ile. Nilimwona hospitalini kupitia kioo. Aliponitambua aliinua mkono uliofungwa bandeji akaugeuza, hivi, kama anayegeuza chapati. Mpaka leo sijui kama alikuwa akitania au akiniuliza kama nimekula. Alifariki kabla sijapata ruhusa ya kurudi.

Kaka, nywa chai kidogo, halafu endelea.

Baada ya maziko wakaja wachunguzi. Mmoja wao ni mhandisi, mwanamke wa makamo, anatembea na kiti chake cha kukunja kwa sababu, alisema, amechoka kusubirishwa wima. Alikaa kibandani kwangu kwa kuwa ndipo penye kivuli, akatandaza ramani mezani, akaweka vikombe vyangu pembeni isijikunje. Kuzunguka matangi palichorwa miviringo mitatu, kama ukitupa jiwe majini.

Nikamwuliza ile miviringo ni ya nini. Hakunicheka.

"Watu wanauliza kama ajali itatokea," akasema. "Hiyo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: siku ikitokea, nani atakuwa amelala hapo?"

Akanieleza kwa kidole. Mviringo wa ndani halali mtu. Wa katikati ni wa maghala na gereji, watu wa kuja na kuondoka. Wa nje nyumba zinaweza kuwepo, lakini si shule, si hospitali, si mtu asiyeweza kukimbia. Tena lazima wawe na njia ya kutorokea isiyopita mbele ya matangi. Alipofika hapo, Mama, goti lako lilikuwa limeshaketi kwenye ile ramani.

"Na kambi yetu ilikuwa mviringo upi?"

"Nilipochora hapakuwa na kambi. Niliandika pasijengwe. Wakajenga, wakaiita ya muda." Alisema hivyo huku akitazama mkunazi, ambao umebaki nusu.

Nikamwuliza na hili: mbona gesi ile haikupanda juu kama moshi?

"Ni nzito kuliko hewa. Usiifikirie kama moshi. Ifikirie kama maji. Itakwenda panapokwenda maji."

Nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni. Mimi Mpokomo, niliyezaliwa maji yakiwa mlangoni, nafundishwa mwendo wa maji na mwanamke wa jangwani. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kwenye ramani ile nilikuwa nimeshaona kinundu chetu cha nyumbani.

Kaka, hapa shika karatasi kwa mikono miwili.

Picha ya ramani ya viwanja vipya vya waliofurikiwa, ile iliyobandikwa kwa chifu, Hawa alinitumia siku nyingi zilizopita. Nilifurahi. Nilitafuta kiwanja cha Mama nikakiona, nikamwonyesha Sajid, akasema pazuri. Baada ya maneno ya yule mhandisi niliitazama tena, na tangu hapo sili vizuri.

Kwetu kilima ni mahali ambapo mbuzi hakulowa. Kinundu kile ndicho kilima pekee tulicho nacho. Mafuriko yalipochukua nyumba yetu pale mtoni ndiko mlikokimbilia, ndiko yalikopigwa mahema, mpaka kampuni ya gesi ilipokuja kutafuta mahali pa kujenga depo karibu na barabara ya Lamu, mahema yakasogezwa. Wazee walikuchagua wewe uwaonyeshe wageni ardhi. Nawe ukafanya alivyotufundisha Baba. Ulishika panga, ukapita mti kwa mti, ukitafuta ule mstari wa tope ambao maji huuacha kwenye magome, ukasema: matangi yakae juu ya mstari, yasije yakaelea. Viwanja vya waliofurikiwa vikapangwa kushuka chini kidogo, bado juu ya tope, kila mtu pakavu. Wakakupigia makofi. Hata mimi huku nilijigamba getini kwamba kaka yangu amepanga mji.

Kwa hesabu ya maji hukukosea hata unyayo. Lakini sasa fanya hesabu ya pili. Ule mkondo mkavu tuliokuwa tukiteremkia juu ya makuti mpaka nguo zinatoboka, unaanzia wapi? Kinunduni. Na unaishia wapi? Nyuma ya kiwanja cha Mama, pale Hawa alipochimbia nguzo za jiko.

Umemweka Mama mwisho wa mtaro, kaka. Umemweka alipokuwa Sajid.

Na kuna la pili. Yule mtaalamu aliyeandika ripoti ya usalama wa depo alipokuja, Hawa akiwapo, alikuuliza hapa juu wanaishi watu gani. Ukamjibu hapana mtu. Ulisema kweli, kilikuwa kiangazi, mahema yalikuwa yameshasogezwa, hata nyani hawapandi. Naye akaandika alichoambiwa, angejuaje? Lakini maji yakija nani atapanda pale? Sisi sote. Wa mashambani na mikungu yao ya ndizi, mzee Barisa na Waorma wenzake na ng'ombe wao, wanafunzi, wagonjwa. Na tukifika juu tunafanya nini? Tunakoka moto. Chai, mbu, fisi, kila kimoja kinataka moto wake. Barabara nyingine zote ziko chini ya maji, inabaki moja, na hiyo moja inapita mbele ya geti la depo. Siku ambayo watu ni wengi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo hapana pa kukimbilia.

Sisemi hii gesi isije. Hawa anakwenda mbali kutafuta kuni mpaka anarudi jua limekuchwa, na kama depo itaajiri walinzi wa geti, kuna mmoja namjua ana uzoefu. Nasema kimoja kipishe kingine. Tambarare ya ng'ambo ya barabara haina mkondo unaorudi kwetu. Ni kweli inaingia maji, lakini kampuni ina malori na udongo, inaweza kujijazia kinundu chake yenyewe. Sisi hatuna malori. Sisi tuna hicho kimoja alichotupa Mungu. Na kama depo haiondoki, basi viwanja viondoke.

Nilipokuambia haya kwa simu ulisema, "Jillo, hata hilo geti lenyewe si lako, umekuwa injinia lini?" Sikukasirika, ulisema kweli. Ukasema tena, "Chifu anapikia gesi na hajapaa mbinguni." Hilo nalo kweli, ingawa wapo wanaosubiri. Mtungi wa chifu ukivuja unamharibia chifu asubuhi yake. Tangi lile likivuja litaharibu kijiji chote, na halitachagua aliyepiga makofi na asiyepiga.

Lakini lililonifunga mdomo ni lako, Mama. Ulichukua simu ukasema, "Mwanangu, moto nimeuwasha tangu niko msichana, haujanifuata mahali. Maji ndiyo yaliyonifuata mpaka kitandani." Nilikuona akilini umeshika nguzo ya nyumba, godoro linaelea. Nani mimi nikwambie usiogope maji. Ila, Mama, moto unaoujua wewe unakaa kwenye mafiga mpaka uuite. Huu hauitwi. Unakuja wenyewe alfajiri, umejifunika umande, na watu wanasema leo kumependeza.

Ningekuja mwenyewe. Niliomba. Meneja akasema mimi ni shahidi wa uchunguzi, pasi yangu ya kusafiria inabaki kwenye saraka yake. Nikamwambia sikuona kitu. Akasema asiyeona kitu hana haraka ya kwenda popote. Nilirudi tena, nikapiga magoti, Mama, mbele ya mtu mdogo kwangu kwa umri. Aliniletea maji ya kunywa na kunifungulia mlango. Nimefikiria kutoroka, lakini mlinzi akitoroka, nani wa kumfungulia? Geti ninalolilinda ndilo linalonifunga. Nakaa hapo namwuliza mtu jina lake, na analitaja, na nasikia jina la Hawa, nasikia la Mama.

Nasikia kikao cha kusikiza maoni ya wananchi kitakaa kabla ya masika. Baada ya hapo watatia sahihi, na kitakachomwagwa baada ya sahihi ni zege. Zege haliombeki.

Kaka, nakujua. Linalokukera si gesi. Ni kusimama mbele ya watu wale wale waliokupigia makofi. Kwetu mtu akishaonyesha mstari wa tope, haambiwi aangalie tena. Kumwambia hivyo ni kumtakia nyumba yake ilowe. Ndiyo maana wazee wamenyamaza, ingawa wapo wanaoujua ule mkondo kuliko sisi. Wanakuheshimu. Watakuheshimu mpaka siku ya maziko. Hakuna mwengine anayeweza kulisema ila wewe uliyeonyesha. Basi nimekutungia maneno, ili usihangaike. Yasome polepole, kwa sauti ile ya kikaoni:

"Mimi Buya, mwana wa nyumba hii, ndiye niliyeonyesha kinundu. Tulipima maji, hatukupima moto. Nilipoulizwa nani yuko kule juu nilijibu kwa kiangazi. Leo najibu kwa masika: kule juu tuko sote. Naomba ramani ichorwe tena, kabla mama yangu hajahamia."

Basi. Umeshasema, kaka. Umesema kwa sauti yako mwenyewe, Mama amesikia, Hawa amesikia, na jirani aliyejifanya amekuja kuomba chumvi naye amesikia. Paa la hema halijaanguka. Kikaoni itakuwa ni kurudia tu.

Na wewe, Mama. Ikiwa barua hii imechelewa, kikao kimepita na wameamua vile vile, usihamie. Hawa naye asiwahamishie watoto pale, nguzo za jiko aziache zisimame. Kaa hemani. Najua hema linavuja, najua goti halipendi baridi, najua watu watasema mtoto wa Ghuba amemfanya mama yake kichaa. Nakuomba uvujiwe. Mvua nitaiombea dua huku ikupungukie. Lile jingine halina dua niijuayo.

Nisalimie dada yangu Hawa, ambaye picha yake ya ramani ndiyo iliyonifumbua macho. Mwambie samahani kwa jiko. Nisalimie shangazi wa Kipini, na akisikia Kiswahili cha barua hii na kukicheka, mwambie anisahihishe kwa sauti, nimekosa kusikia Kiswahili kinachosahihishwa. Nisalimie mjomba wa Kinakomba mwenye migomba, na umwambie wakijenga pale asije kinunduni maji yakipanda, atoke mapema barabara zikiwa bado kavu. Nisalimie mzee Barisa, rafiki wa Baba. Yeye ng'ombe wake humsikiliza, huenda na watu wakamsikiliza. Imamu wa msikiti wetu nampa salamu na jina moja la kuombewa: Sajid, mpishi, mtu wa mto.

Ni mimi mtoto wako wa geti, ninayewafungulia wote nisiweze kujifungulia mwenyewe,

Jillo.

Mama, kabla kaka hajaikunja karatasi, mtazame koo. Kama hajakohoa, mpe mkono wangu, amesoma yote, yeye ni mwana wa Baba. Kama amekohoa, popote pale, mwambie avute mkeka karibu na aanze tena kwenye shikamoo.